Dhamini wa Mnyama Asiye na Bei

Garsen,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Shikamoo natuma mbili, moja ya leo na moja ya Jumanne iliyopita, maana siku ile simu ilikatika kabla sijakuamkia vizuri. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Kaka Hamisi unaitumia, au umeiweka kabatini iwe pambo? Na Zena wangu hajambo? Nimesikia jino la mbele limeng'oka na sasa hataki kucheka mbele za watu. Mwambie acheke tu, hata mamake alikuwa kibogoyo na hakuna aliyekufa kwa kumwona. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii, na huo ndio ulionishikisha kalamu.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la ng'ombe anayeshuka Mombasa, atamkabidhi Kaka Hamisi aifikishe Vanga. Kwa hiyo ukisikia harufu, usinilaumu mimi.

Kwanza nikiri jambo. Jumanne simu haikukatika. Niliikata mimi. Uliniuliza, “Siti, Januari shule zikifunguliwa utakuwa hapa au hutakuwa?” nami nikasema, “Halo? Halo? Mtandao!” kisha nikabonyeza. Nisamehe. Sikuthubutu kukujibu, na wewe kwenye simu hunipi nafasi. Nikivuta pumzi tu umeshajijibu mwenyewe na umeshakasirika. Kwa barua huwezi kunikatiza. Itabidi uvae miwani unisome mpaka mwisho. Jibu limo humu, ila nataka ujue lilivyopatikana kabla hujaanza kumwita Kaka Hamisi aje asikie vituko vya dadake.

Tuliagana hivi: nifanye kazi Garsen mwaka mmoja, kisha nirudi Vanga, nifungue kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na shule, nimlee mwanangu mwenyewe. Mwaka umekwisha. Sikusahau, Mama, hata siku moja.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia majirani unawaambia niko benki. Mimi ni karani wa kompyuta katika chama cha wafanyabiashara wa mifugo. Kila ng'ombe anayepanda lori kutoka hapa lazima awe na barua yake: rangi, chapa iliyochomwa pajani, sikio lilivyokatwa, nani kamuuza, na dhamini wake ni nani. Dhamini ni mtu anayesimama mbele ya watu na kusema mnyama huyu ni halali. Kesho akitokea mwenyewe kumdai, anayejibu ni dhamini. Bila dhamini hakuna anayenunua hapa, hata ng'ombe awe mnono namna gani. Chapa zote za koo za huku, za Waorma na za Wasomali, na za Wapokomo wa mtoni wenye ng'ombe wawili watatu, tumezipiga picha na kuzitia kwenye kompyuta tatu za chama. Usilione dogo daftari hilo. Ng'ombe mmoja aliyepotea akaonekana katika zizi la mtu mwingine anaweza kuamsha maneno baina ya vijiji viwili, na maneno ya huku yalipata kufika hata kwenu redioni. Picha ikifunguliwa watu wakaiona, hasira hushuka wakaenda kunywa chai.

Sasa, kompyuta zenyewe ni kongwe. Ngoja nikueleze kwa namna nilivyomweleza Mzee Barre, mwenyekiti wetu, Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezaliwa hapa hapa Garsen. Ndani ya kompyuta mna programu kuu inayoiendesha. Bila hiyo ni sanduku tu. Yetu ni Windows Kumi. Walioitengeneza wametangaza kwamba wameacha kuihudumia. Haizimiki, inawaka kila asubuhi kama kawaida. Ila likipatikana tundu jipya la kupenyea wezi na virusi, hakuna tena atakayekuja kuliziba. Nikamwambia ni kama zizi ambalo daktari wa chanjo ameacha kupita. Ng'ombe wanakula, wananenepa, lakini siku ugonjwa ukiingia mmekwisha.

“Basi tufunge mlango,” akasema. “Kata waya ya intaneti, zikae ndani.”

Nikamuuliza wanunuzi wa Mombasa wanaotaka barua zao kwa imeli tutawatumia njiwa? Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, kisha akalisahau jambo lenyewe wiki tatu nzima.

Mimi sikuweza kulisahau. Unanijua nikishikwa na jambo. Kila asubuhi ujumbe wa kwamba huduma imekwisha ulikuwa ukinitokea kwenye kioo cha kompyuta kabla hata sijaketi, na mimi nazunguka ofisini, nafungua dirisha, nalifunga, mpaka Habona akaniambia nikae chini namtia kizunguzungu. Habona ni mwenzangu wa ofisini, Mpokomo wa Ngao, msichana mtulivu anayechapa barua bila kutazama vidole. Ndiye rafiki yangu hapa. Ninapokwambia nimekula vizuri, jua ni mchele wa kwao na kambare wa mto aliokausha mamake.

Kilichomzindua Mzee Barre ni flashi ya Galgalo. Galgalo ni dalali mkubwa wa mnada, Muorma mrefu ambaye bakora haimtoki mkononi. Alikuja na picha za fahali wake akitaka tumchapishie. Kwa kuwa niliwahi kumwonyesha jinsi ya kuchomeka, alijiona fundi, akaichomeka mwenyewe mimi nikiwa nimempa mgongo. Kumbe ilikuwa na virusi. Muda si muda majina ya mafaili yakaanza kugeuka moja baada ya jingine, mbele ya macho yetu. Chapa za ukoo mzima zikawa herufi zisizosomeka. Nilisimama kama gogo. Habona ndiye aliyeruka akang'oa waya wa umeme ukutani.

Tulikuwa na nakala kwenye diski ninayotembea nayo mkobani, kwa hiyo hatukupoteza ila kazi ya siku nne. Lakini Galgalo alikaa kitini, bakora katikati ya magoti, anauliza lile lile, “Na ile ya baba yangu? Chapa ya baba yangu iko?” Nilimfungulia ile nakala kwenye mashine nyingine akaiona. Aliitazama sana. Baba yake alifariki zamani na picha yake hana, ila ile chapa. Kisha akaondoka bila kuaga, mtu ambaye kwa kawaida kuaga kwake ni nusu saa.

Kuanzia hapo wazee wa chama wakasema tuchague kitu kingine, na upesi. Windows inayofuata, ya Kumi na Moja, ilizikataa mashine zetu, ilisema ni kuukuu. Zikabaki njia mbili. Moja, kununua kompyuta mpya kutoka kwa mfanyabiashara wa Malindi, na Windows mpya ndani. Ya pili ni Linux, programu kuu ya bure inayokubali kukaa hata kwenye mashine kongwe. Hiyo ndiyo niliyoitaka mimi.

Nikaichukua ile mashine iliyougua, nikaifuta yote, nikaanza kuijaribu. Aina ya kwanza niliyoitia ilikuwa nzito, mashine ikawa inahema. Ya pili ilikuwa nyepesi, ikakaa. Printa ikagoma siku mbili. Ile programu yetu ya zamani ya chapa haikukubali kufunguka humo kabisa, ikabidi tuhamishe orodha yote kwenye jedwali jipya na kuunganisha kila picha na jina lake, mimi nikisoma na Habona akihakiki, feni ikituzungushia joto lile lile. Shingo iliniuma, macho yaliniwasha. Na sijui kama ni adabu kukwambia hivi wakati wewe huko unanihurumia, lakini Mama, nilikuwa na furaha. Zile siku sikutazama kalenda.

Mzee Barre alipoona mashine imefufuka akasema vyema, ila hatachagua peke yake ofisini. “Hii kitu tutanunua kama ng'ombe,” akasema. “Siku ya mnada, mbele ya watu. Wa Malindi alete yake, na wewe ulete yako.”

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Siku ya mnada ilipofika meza ikatolewa kwenye baraza ya ofisi, chini ya bati, ng'ombe wakilia nyuma yetu na vumbi likiingia kwenye vikombe. Jamaa wa Malindi alikuja amechomekea shati, akafungua kompyuta mbili zinazong'aa kama sahani za harusi. Mimi nikaweka mzee wangu mweusi, aliyekatika kona moja na kibonyezo cha herufi M kimefutika. Watu wakajaa. Walizizunguka zile kompyuta vile vile wanavyomzunguka mnyama, wakitazama nyuma, wakigonga mbavu kwa vidole.

Galgalo akaanza na Malindi. “Hii ina miaka ngapi?”

“Mpya kabisa, mzee.”

“Na itaishi mpaka lini?”

Yule jamaa alikuwa mkweli, nampa haki yake. Akasema, “Mashine itakaa, mzee. Lakini hii Windows yake nayo, siku moja wenyewe wataacha kuihudumia, halafu mtatafuta ingine.”

Galgalo akawageukia watu. “Mnasikia? Anauza ng'ombe, na siku ya matanga yake wenyewe wanajua!” Baraza nzima ikaangua kicheko, na jamaa mwenyewe akacheka. “Na dhamini yake?”

“Iko na garantii, mwaka mmoja.”

“Huyo ni mtu?”

“Ni karatasi, mzee.”

“Haya. Karatasi,” akasema Galgalo, akainyooshea bakora mashine yangu. “Na hii yako, Siti, bei gani?”

Nilikuwa nikilingoja swali hilo tangu asubuhi. “Mashine ni yenu tayari,” nikasema, “na programu yake haina bei. Ni bure.”

Nilidhani nimetoa neno la kuimaliza kesi. Nani asiyependa cha bure? Kumbe mnadani mnyama asiye na bei ni mmoja kati ya watatu: wa wizi, mgonjwa, au kibudu. Nikawaona watu wawili wa mbele wakirudi nyuma hatua moja, ungedhani itawaambukiza.

“Mwenyewe iko wapi?” akauliza Mzee Barre, taratibu.

“Haina mwenyewe mmoja. Ni watu wengi, nchi nyingi, wanaitengeneza pamoja. Anayeona tundu anasema, anayejua kuliziba analiziba, na wote tunatumia.”

Hapo Galgalo akainua kichwa. “Kama kisima,” akasema. “Kisima ya ukoo. Watu wote wanachimba, watu wote wananywesha.”

“Naam!” nikarukia, nimefurahi kama mjinga. “Kama kisima hasa!”

“Sawa. Lakini kisima iko na mtu. Anapanga zamu, anatoa matope, ng'ombe ikianguka ndani yeye ndio anaitwa. Kisima haina mtu, hiyo inakufa. Ya hii hapa Garsen ni nani?”

Ulimi hauna mfupa. Nikasema, “Mimi.”

Nilitaka kusema mimi ndiye ninayeijua, mimi ndiye niliyeitia, ukitaka msaada nifuate mimi. Lakini Galgalo alinyoosha bakora yake kwangu na kuniambia nishike upande wa pili. Madalali wa hapa wakifunga biashara hushikana mikono chini ya kitambaa. Mimi kwa kuwa ni mwanamke si maharimu wake, alinipa bakora. Nikaishika. Niliona ni heshima. Mzee Barre akasema, “Tumeshuhudia,” watu wakainua mikono wakaomba dua, na mambo yakaisha. Jamaa wa Malindi akafunga kompyuta zake, akanywa chai yetu akaondoka bila kinyongo. Mimi nikaingia ndani natembea kwa maringo.

Habona alikuwa akinitazama tu. “Dada Siti, unajua umefanya nini?”

“Nimewashinda Malindi.”

“Umekuwa dhamini. Na dhamini haondoki. Ng'ombe akiuzwa ana mimba, dhamini anangoja mpaka azae watu waone ndama. Wazee walikuwa wanasema pale kwa Kiorma, hukusikia. Wamekupa mvua mbili. Masika ipite, na vuli ingine ipite, daftari likiwa zima ndio watakuachilia.”

Mvua mbili. Hesabu mwenyewe, Mama. Januari itanikuta bado huku.

Nilimwambia Habona huo ni ujinga, mimi sikuambiwa, mimi ni mtu wa Vanga, kwetu mtu akishika fimbo ameshika fimbo tu. Akasema, “Basi nenda ukamwambie mzee. Wewe ni mgeni, atakuachilia.”

Kesho yake asubuhi nikaenda. Nilimkuta Mzee Barre dukani kwake anakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga maneno njiani kote. Nikamweleza habari zako, na habari za Zena, na ahadi ya Januari, na kwamba sikujua maana ya bakora. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mgeni hafungwi na kamba hajaiona. Enda kwa mama yako, Siti. Tutachukua zile za Malindi.” Akanimiminia chai.

Basi, nikawa huru. Nilipaswa kuruka. Mama, sikufurahi hata kidogo. Nilitamani angekasirika, angenigombeza, angesema bila wewe hatuwezi. Nilitoka pale nikaenda mpaka stendi, nikasimama nikitazama basi la Malindi likipakia, makonda wakaniita “Dada, nafasi iko moja mbele,” nikarudi. Mchana nikaenda tena. Kesho yake vivyo hivyo. Habona akaniuliza kama nimeajiriwa stendi.

Nitakwambia kilichokuwa kinanisumbua, na nakwambia wewe tu. Kila mahali nilipokwenda waliniachia hivyo hivyo, kwa upole. Mombasa niliacha ile kazi ya mapokezi, wakasema nenda salama. Kilifi nikaacha, wakasema nenda salama. Ukunda sikukaa hata miezi sita. Baba yake Zena nilimwacha kabla hajapata nafasi ya kuniacha. Na Zena mwenyewe nilikuwekea mapajani akiwa anajifunza kusimama, nikasema Mama, miezi mitatu tu. Hukunigombeza. Ulisema, “Nenda, mwanangu, mtoto yuko kwao.” Wiki zile zote nilikuwa nikiwasema wale watu wa Windows: wanaachaje kuhudumia kitu ambacho watu bado wanakitegemea? Nilivyokuwa nikisema kwa sauti kubwa! Siku ile stendi nikaona haya, nikajifunika leso usoni nikijifanya vumbi.

Unasema mimi ni upepo. Ulianza kuniita hivyo nikiwa darasa la nne, na nilikuwa nalipenda jina hilo. Sasa silipendi.

Siku ya tatu nikamfuata Galgalo mnadani, mbele ya watu wake, nikamwambia anipe tena bakora.

“Sasa unajua?” akauliza.

“Najua. Mvua mbili.”

“Na mashine ikianguka?”

“Niiteni mimi. Saa yoyote.”

Akatuma mtu amwite Mzee Barre, watu wakakusanyika tena, nikaishika. Mara hii hakuna heshima yoyote niliyoiona, niliona uzito tu. Tangu hapo nimezigeuza kompyuta zote tatu. Habona anajua karibu yote ninayojua, na Galgalo amepigwa marufuku kugusa flashi, marufuku anayoitangaza mwenyewe kwa kila mgeni kama cheo. Juzi walikuja watu wawili wanagombania mtamba mwekundu, nikawafungulia picha, wakaitazama. Mmoja akamwambia mwenzake, “Haya, chukua.” Nikajifungia stoo nikalia, usiniulize kwa nini.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: Januari sirudi, Mama.

Lakini sitaki tena kumwacha Zena. Nimepata vyumba viwili nyuma ya nyumba ya shangazi yake Habona, bati jipya, ua wa makuti, maji yapo. Shule haiko mbali, nimekwenda nimeonana na mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mnene mcheshi aliyeniuliza mtoto anapenda nini nikashindwa kumjibu vizuri. Nilisema anapenda samaki. Sikujua jingine la kusema juu ya mwanangu mwenyewe, na nilitembea kurudi ofisini nimeinamisha kichwa. Nataka aje akae na mimi. Sikuagizi, nakuomba. Najua mtoto uliyemlea hachukuliwi kama furushi, na najua analala ameshika kanga yako. Nikifikiria kitanda chako bila yeye, kalamu inaniwia nzito. Njoo naye, ukae naye hapa mpaka anizoee, ukae hata mvua zote mbili ukitaka, goti lako linapenda joto na joto huku ndilo tulilobarikiwa. Na kama mwenyewe Zena atakataa, sitamburura. Nitakuja mimi kila likizo mpaka muda wangu uishe, na nitavumilia kununiwa.

Nisalimie Kaka Hamisi, na umwambie ahsante kwa dawa na asikucheke ukiisahau. Nisalimie wifi yangu mkewe, nimemwekea kanga doti moja. Nisalimie Mjomba wa duka la samaki, na yule Shangazi wa Shimoni aliyesema sitafika hata mwezi huku. Mpe salamu zake kwa sauti ya juu, mbele za watu. Zena mbusu palipong'oka jino. Habona anakuamkia, ingawa hamjaonana.

Salamu zimekwisha na bado sijasema lililonitia hofu kuliko yote. Nimelizunguka kurasa zote hizi.

Nilipoishika bakora mara ya pili, Mzee Barre hakusema “tumeshuhudia” upesi kama mwanzo. Alisema, “Wewe ni mgeni, Siti. Mgeni akiwa dhamini, yeye pia lazima mtu asimame nyuma yake. Wewe ukienda zako, sisi tuulize nani?” Wakangoja. Habona alikuwa amesimama pale pale, ningemtaja angekubali, moyo wake naujua. Sikumtaja. Nilitaja jina lako, na la baba yako, na Vanga, na Mzee Barre akaliandika kwenye kitabu cha wadhamini mbele ya watu wote. Sikukuuliza. Ndiyo sababu nilikata simu.

Hujawahi kuniona nikimaliza jambo, Mama, na bado jina lililonijia mdomoni lilikuwa lako. Ukikataa, nitumie neno kwa Kaka Hamisi, nami nitakwenda nikalifute mwenyewe huku wakinitazama. Ukikubali, usiandike kitu. Shuka tu hapa Garsen umemshika Zena mkono, na nitajua.

Ni mimi mwanao,
Mwanasiti